Ndege ya Pua Fupi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mkuu wa Shule Bibi Bernadeta, walimu, ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mliosimama madirishani kwa kukosa viti: wanaonizidi umri, kama wapo, nawapa shikamoo, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeitwa, kama mwenyekiti wa bodi, kumuaga Bibi Kokuberwa, mtunza maabara wetu hapa Temeke kwa miaka ishirini na mmoja, na mlezi wa klabu ya ndege za mfano. Hotuba niliyoiandika ninayo mfukoni. Sitaisoma, kwa sababu tangu juzi moyo wangu haujatulia.

Nieleze polepole. Ndege hizi huja katika boksi, vipande vipande vya plastiki, na juu ya boksi pana picha ya ndege iliyokamilika. Mwaka juzi Bibi Kokuberwa alipata boksi moja kwa muuza mitumba wa Buguruni. Ndani mlikuwa na Blenheim, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, ile ya baadaye yenye pua ndefu. Akaikata pua kwa msumeno. Akachonga kalibu ya mninga, akapasha moto kifuniko cha plastiki cha boksi la shati, akakibana juu ya mti ule hadi kikawa kioo cha mviringo. Nyufa akaziziba kwa poda ya watoto iliyokorogwa na rangi ya kucha. Ikawa Blenheim ya mwanzo, yenye pua fupi.

Akaipeleka kwenye maonyesho ya shule kule Kinondoni. Mnamjua aliyekuwa jaji mkuu? Ni mimi. Nikashika ndege mkono huu, boksi mkono huu, na kwa nusu saa nzima, mbele ya wageni, nikaeleza kwamba fundi asiyefuata picha hajajifunza kazi. Nikaiondoa mashindanoni. Yeye akajibu tu, "Nimekusikia, mwalimu." Hatimaye bodi yangu ikaona klabu iliyoondolewa mashindanoni haina haja ya chumba, tukamwahidi Bwana Gaspar aweke humo duka lake la soda.

Juzi alikuja kunikabidhi funguo za chumba hicho, na pamoja nazo daftari lililochakaa. Ni lake la mwaka 1952, nilipomfundisha darasa la sita kule Bukoba. Ndani yamo maneno yangu mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kitoto: kwamba wakati wa vita nilibeba madebe ya petroli katika uwanja wa ndege Nairobi; kwamba Blenheim tulizozijaza mafuta zilikuwa na pua fupi ya kioo, rubani akikaa ndani yake kama mtu aliyefunikwa bakuli; kwamba za pua ndefu nilikuja kuziona baadaye. Hata mchoro upo, na alama ya vema niliyoitia kwa wino mwekundu.

Ndugu zangu, ndege niliyoihudumia mwaka mzima niliishika mkononi nisiitambue. Nikaliamini boksi. Nikamwadhibu mwanafunzi wangu kwa kulikumbuka somo langu vizuri kuliko nilivyolikumbuka mimi. Inawezekanaje?

Nilimwuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa unafundisha, mwalimu. Nilingoja umalize. Ulipomaliza, watu walikuwa wameshaondoka."

Bodi imekutana asubuhi hii. Chumba kinabaki cha klabu. Bwana Gaspar, niwie radhi, friji lako usilishushe. Hukumu ya Kinondoni nimeifuta kwa maandishi. Lakini karatasi haitoshi, maana nilimwaibisha kwa mdomo, hadharani, na wengi wenu mlikuwepo.

Kwa hiyo nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na naomba msiondoke. Mimi nimemaliza. Bibi Kokuberwa, kipaza sauti hiki hapa. Tuelezee ndege yako.