Mwanamume wa Wimbo wa Tano

Benchi la wazee limeegemea ukuta wa duka la fundi saa, chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala bintiye, na alasiri hiyo kahawa ilikwisha kuzunguka mara mbili. Walikuwapo Jaji, kinyozi anayekuhukumu huku wembe uko shingoni mwako, na Redio, mwalimu mstaafu asiye na kitufe cha kuzimia. Simu ya Jaji ilikuwa ikipiga albamu ya binti huyo: nyimbo kumi, gitaa moja, zote kazirekodi mwenyewe chumbani humo. Fundi saa aliinamia saa ya mteja kama asiyesikia. Miezi miwili imepita tangu amwambie bintiye kwamba kuimba si kazi. Binti akabeba gitaa lake akahama, na tangu hapo kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kupiga simu.

Wimbo wa tano ulipokoma, kikasikika kikohozi, kisha sauti ya mwanamume, laini, ya mbali:

— Umekula, mama?

— Simamisha hapo! Redio akaruka. Nani huyo?

— Mume, akakata Jaji. Kaolewa kimyakimya.

— Mume gani? Mume huuliza "tunakula nini?"

— Basi mchumba. Huyo bado anajipendekeza.

— Wapi! Huyo ni mwigizaji. Sikia ile pumzi. Ile imesomewa chuoni miaka minne.

— Na kikohozi je?

— Kikohozi ndicho cha mwaka wa nne.

Parafujo ilimponyoka fundi. Aliijua sauti ile. Ni yeye aliyeamuru dirisha liwe wazi kila binti aimbapo, watu wasije wakasema nyumba yake ina siri; na kila jioni, akifunga duka, alisimama chini yake akauliza hivyo hivyo. Wa benchini, ambao saa hizo huwa wamekwenda zao, hawakuwahi kuisikia. Hapa sauti yake ilikuwa ya ugomvi tu.

— Fundi, baba ni wewe, Redio akamgeukia. Nani yule?

— Mimi niulizeni saa! akafoka.

— Mnaona? Hata babake hamjui, Jaji akanong'ona. Basi yule ni marehemu. Vinasa sauti vya siku hizi vinanasa mengi.

— Marehemu anauliza chakula cha nini?

— Si kwa sababu yeye hapewi!

Muuguzi aliyefuata saa yake alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

— Samahanini, wazee wangu. Huyu dada karekodi peke yake?

— Peke yake, mwanangu.

— Basi sauti hiyo iliingia kwa bahati mbaya.

— Inawezekana.

— Sasa mbona hakuifuta?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akakatika matangazo.

Fundi saa alimkabidhi muuguzi saa yake, kifuniko bado mkononi mwake mwenyewe, wala hakutambua. Akatoa simu, akawapa mgongo wote, akasogea hadi pembeni mwa ukuta. Ililia mara moja tu, ikapokelewa. Akakohoa.

— Umekula, mama?

Nyuma yake akamsikia Redio akigomba:

— We Jaji, nani kakwambia uuwashe tena?

— Sijaugusa!