Walinisema Nikiwa Nimekaa Hapo Hapo

Wakubwa zangu shikamooni, na wajane wenzangu nawasalimu. Leo sikuja kulia. Nimekuja kuwasema watu, ila majina yao nayaacha.

Mimi ni Mhaya. Niliolewa Misungwi nikiwa mtu mzima, Kisukuma sijui hata salamu. Ukweni wakanipa jina la Kisukuma. Wakiniita naitika "abee," wanacheka, na mimi nacheka nao. Miaka yote hiyo nilidhani wananipenda. Siku moja hapa Mkolani, tulikokuja kujenga, tukimenya viazi vitamu vya kukausha michembe, nikamtajia jirani yangu Msukuma hilo jina. Akaweka kisu chini. Maana yake siitamki mbele ya akina mama. Ni tusi la mwanamke asiyezaa, na mimi sikujaliwa mtoto.

Mume wangu alikuwa akilisikia, ndugu zangu. Alinyamaza.

Nikamwambia jirani, nifundishe Kisukuma. Shemeji yangu aliwahi kunicheka kwamba ulimi wa mtu mzima umeshakauka, haushiki lugha. Nawaambia, hasira inaulainisha. Jioni kwa jirani Kiswahili kilikuwa marufuku. Nikikosea ananicheka mpaka machozi yanamtoka, nami narudia. Ukweni nikaendelea kujifanya sijui kitu. Nilisikia mengi nikisonga ugali.

Kisha mume wangu akafariki. Baada ya mazishi ukoo ukakaa kikao kuhusu nyumba yetu ya Mkolani, ambayo tofali zake nilizibeba kwa mikono hii. Shemeji akawaambia wazee, kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba nyumba ni yangu, yeye ataniangalizia tu. Wakapumzika, nikapeleka chai. Shemeji alikuwa mlangoni na dada yake, mbali na wazee. Akamwambia kwa Kisukuma, mimi nimesimama hapo hapo: mnunuzi ameshapatikana, wazee wakiondoka tu huyu tunamrudisha kwao. Akapokea kikombe, akaniambia, "Asante sana, shemeji."

Kikao kiliporudi, mzee wa ukoo akauliza kama nina neno. Nikasimama nikaongea Kisukuma. Nilirudia kila alichosema pale mlangoni, na sauti yake nikaiiga. Nikataja na lile jina, na aliyelianzisha. Shemeji jasho likamtoka. Nilikuwa mfiwa, lakini jamani, nilifurahi. Wazee wakamtoa nje ya kikao, na nyumba nimo mpaka leo.

Sisemi naongea Kisukuma kama niliyezaliwa nacho. Sokoni wananigundua upesi, Kihaya kinachungulia. Lakini siku ile hakuna aliyethubutu kunisahihisha.

Namshukuru jirani yangu, yule pale nyuma anajificha. Namshukuru na mzee aliyenipa nafasi ya kusema. Wenzangu mlioolewa ugenini, jifunzeni, msitishwe na umri.

Mchungaji ameniuliza kama nimewasamehe. Nimemjibu, kwa Kiswahili nimeshasamehe. Kwa Kisukuma bado.