Jiwe Lilipoondolewa Chini ya Tairi

Bwana asifiwe! Mbona upande wa akina baba mnajibu kama watu walioamshwa? Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Pendo wa Pasiansi. Wengi mnanifahamu kwa hii sauti yangu, na kwa lile gari langu la kazi ambalo likikata kona kule chini, watoto wa Sunday school wanajua ibada imekaribia. Leo nimesimama kwa sababu ya gari hilo, na kwa sababu ya mzee mmoja ambaye ilibaki kidogo tu tumzike.

Niwaambie kwanza nilivyolipata. Mimi nasafirisha dagaa. Natoa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, napeleka Kisesa. Mwalo wetu ni mchanga na mteremko, magari madogo yanazama mpaka tumbo. Nikamwambia baba Pendo, mimi nataka foo-wili ya zamani, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, chuma kitupu, isiyo na mapambo. Akasema, "Mke wangu, wenzako wanakwenda mbele, wewe unarudi nyuma!" Nikamjibu, "Nitarudi nyuma mpaka majini, nipakie dagaa, nipande. Wao watabaki wanasukumwa."

Nililipata Sengerema, kwenye uwanja wa mzee mmoja aliyekuwa mnunuzi wa pamba zamani. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva! Lakini marehemu baba yangu alikuwa dereva wa magari ya namna hiyo, na alinifundisha kwamba gari la kazi hulinunui kwa kuangalia rangi, unalinunua ukiwa umelala chini yake. Nikatandika kanga, nikaingia chini, nikaigonga chasisi kwa spana kuanzia mbele hadi nyuma huku nimetega sikio. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza. Yule mzee akaniuliza, "Mama, unapima mgonjwa?" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe ndugu wa mgonjwa kaa pembeni." Chasisi ililia yote. Nikalivusha kwa kivuko nikiimba.

Lakini gari la zamani ni kama mume, unalichukua pamoja na tabia zake. Msicheke, akina baba! Hendibreki ilikuwa imekufa, na kifaa chake kila duka wananiambia njoo kesho. Kwa hiyo hendibreki yangu ilikuwa jiwe. Nikisimama kwenye mteremko, nashuka, nasukuma jiwe nyuma ya tairi, basi. Mwaloni pale wenye magari ya zamani wote ndivyo tunavyofanya.

Tabia ya pili ni vijiti vya gia. Gari lile lina vijiti viwili. Kikubwa ni cha gia za kawaida. Kidogo ni cha kuchagua nguvu, ya barabarani au ile nzito ya kupandia mchanga. Sasa kijiti kidogo kikibaki katikati, hata kama kile kikubwa kiko kwenye gia, magurudumu yanakuwa huru kabisa. Gari halishikwi na kitu. Na kijiti changu kilikuwa kigumu, mimi nilikuwa nakipiga kwa kisigino ndipo kiingie.

Sasa niwaeleze kuhusu baba mkwe wangu, Mzee Masanja. Mnajua kwetu Usukumani tunavyoheshimiana. Mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Miaka yote niliyoolewa, nikimwamkia napiga goti mbali, nasema "Shikamoo baba" nikitazama chini, naye anajibu "Marahaba" akitazama ng'ombe. Hata nikimpa lifti, yeye hupanda nyuma na kusimama ameshika bomba. Alilipenda sana gari lile! Lakini kukaa mbele na mimi? Thubutu.

Basi akavunjika mguu. Akalazwa hospitali kule Sengerema, na siku ya kuruhusiwa baba Pendo alikuwa kazini mbali. Nikaenda mimi. Mguu mzima ulikuwa kwenye plasta ngumu, nyuma hawezi kupanda. Ikabidi akae mbele. Nikaweka gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, katikati yetu, kubwa, limesimama, ili yeye asinione nami nisimwone. Tukavuka na kivuko, tukashuka, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Kumpeleka kwake Kisesa kulikuwa njia moja na mzigo wangu. Nikaona si vibaya nikipitia mwaloni kupakia. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na maji, kama kawaida, mkia unatazama ziwa. Nilipozima, nilikuwa nimetia gia namba moja, na kile kijiti kidogo nilikuwa nimekipiga kwa kisigino kirudi kwenye nguvu ya barabarani. Kumbe kiliishia katikati! Mimi sina habari. Nikashuka, nikaweka jiwe, nikaenda kuita wapakiaji.

Ndugu zangu, upepo wa ziwa ukaamka.

Mnajua wanawake wanavyoanika dagaa, wanatandaza juu ya nyavu na kuzigandamiza kwa mawe. Upepo ukazinyanyua nyavu za rafiki yangu Mama Kulwa, dagaa zikaanza kuruka. Yule mama akatafuta jiwe haraka haraka. Akaliona moja zuri, zito, bapa, limekaa bure chini ya tairi. Gari limezimwa, limetulia, yeye atajuaje? Akalichomoa, akalipeleka kwenye nyavu zake, hata hakugeuka nyuma.

Mimi nilisikia mawe madogo yakisagika. Nikageuka. Gari linakwenda! Polepole, bila sauti, linarudi ziwani na baba mkwe wangu ndani!

Nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Nikakimbia. Mchanga ukanivuta, ndala ikabaki, nikakimbia hivyo hivyo. Mlango wake unafungwa kwa waya kutoka nje, mzee hawezi kuufungua, na hata angeufungua, kwa mguu ule angekwenda wapi? Na pale mwaloni mbele kidogo tu wamechimba njia ya mitumbwi, kina kinakatika ghafla. Magurudumu ya nyuma yakaingia majini. Maji yakaanza kupanda kwenye bodi.

Nikaudaka mlango wa dereva. Komeo la nje liligoma siku nyingi, huwa naingiza mkono kufungulia ndani. Siku hiyo mkono unapapasa, hauoni komeo. Nikajitupa dirishani, kichwa na mabega ndani, miguu inaburuzwa. Breki siifikii. Nikakiona kijiti kidogo kiko katikati. Nikanyoosha mkono, gunia la michembe limenizuia. Lile gunia la heshima! Nikalisukuma likaanguka, nikasema, "Baba, kivute kijiti!"

Mnajua alifanya nini? Aligeuza uso! Mkamwana ameingiza kichwa, naye mzee wa watu akatazama pembeni kwa heshima, huku anazama!

Pale, ndugu zangu, nilikuwa na mambo mawili tu: mila yangu au uhai wake. Nikapaza sauti, "Yesu, nisaidie!" Nikamkamata baba mkwe mkono. Nilimkamata kwa nguvu, kama unavyomkamata mtoto barabarani, nikauweka juu ya kile kijiti. "Vuta! Nasema vuta, baba!"

Akavuta.

Kijiti ambacho mimi nakipiga kwa kisigino, mgonjwa yule akakivuta mara moja kikaingia kwenye nguvu nzito. Meno ya gia yakalia krrrr, gari likaruka, likasimama. Haleluya! Fundi wangu amenieleza kwamba meno yakiwa yanazunguka huwa yanakutana kirahisi. Sawa fundi, asante. Ila uniambie nani aliyeyakutanisha sekunde ile.

Lakini hatujamaliza. Gari lilikuwa linashikwa na gia peke yake, na lilikuwa bado linasogea nyuma kidogo kidogo, linakohoa. Nikafungua, nikaingia, nikakanyaga breki, lakini zilishalowa maji, hazishiki. Wavuvi wamefika, wanashika bampa ya mbele, wengine wanafunga loki za magurudumu ya mbele nilivyowapigia kelele, maana bila loki zile yale ya mbele hayavuti. Na mimi nimeshika ufunguo, naogopa. Ukitaka kuwasha unakanyaga klachi, na nikikanyaga klachi gia inaachia, tunakwenda wote. Ekzosi iko chini ya maji. Nikamtazama baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ana macho kama ya mume wangu, sikuwa najua.

Akaniambia taratibu, "Washa, mwanangu."

Klachi nikaiacha bila kuikanyaga. Nikawasha likiwa ndani ya gia. Stata ikalivuta gari zima, nguk, nguk, nguk, hatua moja, hatua mbili. Likadaka! Maji yakachemka nyuma, magurudumu yote manne yakauma mchanga, tukapanda. Mwalo mzima ulikuwa unapiga vigelegele. Mama Kulwa alikuwa amekaa chini analia, nikamfuata nikamkumbatia. Sina neno naye mpaka leo.

Tulipofika Kisesa, habari ilikuwa imetutangulia. Wazee wa ukoo wakaketi. Wakasema mkamwana amemgusa mkwe, amemfokea mbele ya watu, haijapata kutokea, kuna mbuzi wa kutolewa. Mimi nimepiga goti. Nilikuwa tayari kulipa.

Mzee Masanja akaomba fimbo yake, akasimama kwa mguu mmoja. Akasema, "Huyo mbuzi tutamla, lakini nitamtoa mimi, kwa shukrani. Aliyeguswa ni mimi. Mngekuja kesho mngenikuta najibu salamu zenu?"

Ndugu yangu unayenisikiliza, labda leo hii na wewe unarudi nyuma polepole, bila sauti, na watu wanakuona umetulia. Usigeuze uso kwa sababu ya heshima. Mkono wa Bwana ukikukamata hata kwa nguvu, hata mbele za watu, usiuvute wako. Mwamini, ufanye anachokuambia. Mimi namshukuru Yesu kwa uhai wa baba, na wala sizungumzi habari za marehemu. Yule pale nyuma, mlango wa kulia, mwenye fimbo.

Baba, shikamoo.

Mmemsikia? Ameitika!