Menza wa Tsuma, Beki, Mzaliwa wa Tarehe 12 Mei 1990

Wachungaji, wazee wetu wa Marafa, wageni mliotoka Malindi, Kilifi na ng'ambo, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni Kabibi wa Tsuma, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama tunavyoyajua na kama yalivyoandikwa. Kabla sijaanza, nawashukuru vijana wa Malindi waliochapisha fulana zenye picha yake, zimetufariji sana, lakini mwaka ulioandikwa chini ya picha, 1992, si mwaka wake, na mwenye mwaka huo yu hai, amekaa hapa mstari wa mbele, amenyamaza kwa heshima tu. Marehemu aliniagiza tarehe yake isomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo nitaisoma, na nitaeleza ilimgharimu nini.

Menza wa Tsuma alizaliwa Jumamosi, tarehe 12 Mei 1990, katika zahanati ya hapa Marafa, akiwa mtoto wa pili na mwana wa kwanza wa marehemu Tsuma wa Menza na mama yetu Sidi wa Ziro. Kwa desturi yetu mwana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, naye akaitwa Menza. Tarehe 3 Agosti 1992 mdogo wa baba yetu, baba Lewa, naye alipata mwana wa kwanza, na kwa kuwa babu ni yule yule, jina likawa lile lile, kwa hiyo boma moja likawa na Menza wawili, mkubwa na mdogo, waliokula sinia moja na kulala mkeka mmoja. Hawe, bibi yetu, alikuwa akilalamika kwamba akiita Menza kwenye chakula wanakuja wawili, na akiita Menza kuchota maji haji hata mmoja, kila mmoja anadai aliyeitwa ni mwenzake.

Baba yetu alifariki tarehe 20 Septemba 1996 baada ya kuanguka mnazini alipokuwa akigema huko Ganda, na baba Lewa akatuchukua sote, hakututenga na wanawe kwa chakula wala kwa nguo. Januari 1997 alimpeleka marehemu darasa la kwanza, mwalimu alipouliza jina la mzazi akataja lake mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtoto aanze shule akijulikana kuwa yatima, na tangu siku hiyo marehemu akaandikwa Menza Lewa. Miaka miwili baadaye Menza mdogo aliingia shule hiyo hiyo kwa jina hilo hilo, ambalo kwake lilikuwa haki yake. Marehemu alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2004 na wa kidato cha nne mwaka 2008, akapata alama ya C.

Kwenye shule ya upili ndipo alipokutana na mwalimu Nahashon, aliyefundisha jiografia na kandanda. Marehemu alikuwa mshambuliaji, tena alijiona, lakini mwalimu alimtazama mechi tatu kisha akamrudisha nyuma, awe beki wa kati, na aliponung'unika mwalimu akamwambia, "Kufunga kila mtu anataka, Menza. Nani atabaki nyuma?" Alinuna wiki nzima, halafu akabaki nyuma, na hakuondoka huko tena. Alichezea timu ya Malindi mwaka 2009, kisha timu ya ligi kuu mjini Mombasa, na Desemba 2010 wakala mmoja kutoka Ubelgiji alimwona, akamtaka apate pasipoti haraka.

Hapa nasema jambo linalonihusu. Ufunguo wa sanduku la bati la karatasi za familia nilikuwa nao mimi, na Januari 2011 nilifungua nikatoa cheti cha kuzaliwa chenye jina la Menza Lewa, nikampa. Cheti hicho kilikuwa cha Menza mdogo, marehemu hakuwahi kukatiwa cheti, alikuwa na kadi ya kliniki tu, nami niliuona mwaka 1992 nikadhani karani alikosea, kwa sababu hata cheti changu kina kosa la miezi minne. Marehemu naye aliniuliza, nikamwambia makarani hukosea, na wakala akasema mwaka huo haudhuru, hivyo akapata kitambulisho na pasipoti. Kosa lilianzia mkononi mwangu, nimelisema mahakamani kwa kiapo, na nalisema leo.

Aliondoka tarehe 26 Februari 2011, akachezea klabu ya daraja la pili katika mji mdogo karibu na Liège, misimu sita, mechi mia moja arobaini na nane, na kadi nyekundu mbili, ambazo moja hakuikubali mpaka anakufa. Pembeni mwake alisimama Bwana Taib, mzaliwa wa Tanja nchini Moroko, beki kama yeye, ambaye amesafiri siku mbili na yuko nasi. Bwana Taib ndiye aliyemfundisha Kifaransa na kuvaa soksi mbili wakati wa theluji, na wachezaji wenzao waliwaita wawili hao mlango, kwa sababu mmoja asipokuwapo mwingine hakuweza kufunga peke yake.

Wakati huo Menza mdogo alikuwa Dabaso, akipanda mikoko na kuwatembeza wageni juu ya daraja la mbao, bila leseni ya kazi hiyo. Alipokwenda kuomba kitambulisho mwaka 2012 aliambiwa cheti chake kimekwisha kutumika, akarudi mara ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, na bila kitambulisho hakuweza kusajili simu kwa jina lake, kupiga kura, wala kupata leseni. Mwaka 2014 alielewa kilichotokea, lakini baba Lewa alimwomba asimsumbue mwenzake aliye ugenini, asubiri mpaka atakapostaafu, naye akatii, na marehemu hakujua.

Alijua siku ya harusi yake. Jumamosi, tarehe 17 Desemba 2016, alifunga ndoa na Janet, mwalimu wa chekechea, katika kanisa la Kibarani, na shahidi aliyemchagua alikuwa Menza mdogo. Mchungaji alipofungua kitabu akamwomba shahidi namba ya kitambulisho, Menza mdogo alisema hana, watu wakacheka wakidhani amekisahau Dabaso, na mchungaji naye akamtania kwamba afadhali yeye kuliko bwana harusi kusahau pete. Menza mdogo akajibu kwa upole, "Sikukisahau, mchungaji. Kitambulisho changu anacho bwana harusi." Mwalimu Nahashon alitia sahihi badala yake, ndoa ikafungwa, na baada ya wali wa harusi marehemu akaomba familia ikae.

Jumatatu iliyofuata familia ilikaa. Klabu ya daraja la kwanza ilikuwa imekwisha kumwahidi mkataba wa miaka mitatu kuanzia Juni, ila kwa mchezaji ambaye hajatimiza miaka ishirini na mitano, na kwa karatasi alikuwa na ishirini na minne, kwa kweli alikuwa na ishirini na sita. Baba Lewa alishauri atie sahihi kwanza, mengine yatengenezwe baadaye, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tuliona hiyo ni busara. Marehemu alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, miaka mitano mwenzangu yuko nje kwa sababu mimi niliingia na karatasi yake. Sasa nitakayetoka ni mimi." Menza mdogo alimsihi asifanye hivyo, akasema amezoea, na marehemu akamjibu kwamba hilo la kuzoea ndilo lililomuudhi zaidi.

Alimpigia simu Bwana Taib, naye hakumbembeleza, alimwambia jambo ambalo mabeki huambiana, "Mpira wa hatari haungojwi, unafuatwa." Tarehe 6 Februari 2017 waliingia yeye na Bwana Taib katika ofisi ya klabu yao, marehemu akaeleza mwenyewe kabla hajaulizwa. Mkataba alioahidiwa ulifutwa, akafungiwa kucheza miezi kumi, magazeti yakamwita mdanganyifu, na hapa nyumbani wako waliosema amekitia mchanga kitumbua chake mwenyewe. Katika miezi hiyo alifanya mazoezi kila asubuhi peke yake, na Bwana Taib akitoka mazoezini kwake alimfuata uwanjani, wakapiga mipira saa moja nyingine.

Kesi ya kusahihisha karatasi ilisikilizwa Malindi. Mama Sidi alitoa kadi ya kliniki aliyoihifadhi ndani ya leso tangu mwaka 1990, nami nilikula kiapo kuhusu sanduku. Tarehe 9 Novemba 2017 marehemu alipata cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa, kwa jina la Menza Tsuma, na tarehe 14 Machi 2018 Menza mdogo alipata kitambulisho, akampigia marehemu simu akiwa mazoezini Ubelgiji, akamsomea namba tarakimu moja baada ya nyingine, na marehemu akamwomba aisome tena. Mwaka huo huo Menza mdogo alipata leseni yake ya kutembeza wageni.

Baba Lewa aliumia jina lake lilipotoka kwa mtoto aliyemlea, akauliza kama sasa ameondolewa. Marehemu alikuja likizo, akaketi naye, akamwambia, "Nimerudisha cheti, baba. Ulezi sikurudisha." Na kweli hadi mwisho hakumwita mtu mwingine baba.

Alirudi uwanjani Januari 2018 katika klabu ya daraja la nne, mgongoni ameandikwa Tsuma, akawa nahodha misimu mitatu, akastaafu Mei 2022. Alirudi nyumbani, akakaa Kibarani, akaanzisha mazoezi ya wasichana na wavulana, huko na hapa Marafa, na wazazi wengi mnajua kwamba alitaka kuona kadi ya kliniki kabla ya kuona mguu wa mtoto, na aliyekuja na tarehe ya kubahatisha alirudishwa nyumbani akaitafute. Mungu aliwajalia yeye na Janet watoto wawili, Tsuma, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2018, na Sidi, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 2021.

Alianza kuumwa tumbo Oktoba 2024, na vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Tarehe 19 Novemba alifanyiwa upasuaji, na muuguzi alipotaka jamaa mwenye kitambulisho atie sahihi, Menza mdogo alikuwa amekwisha kukitoa mfukoni, na marehemu, akiwa kitandani, alicheka akamwambia, "Leo umekuja nacho." Alipigana na ugonjwa kama alivyocheza, bila kurudi nyuma na bila kelele, akaendelea kuwafundisha watoto akiwa amekaa kwenye kiti hadi Juni mwaka huu. Alipolazwa mara ya mwisho alinyoosha mkono wenye mkanda wa hospitali akaniambia nisome tarehe, nikaisoma, akasema ndiyo hiyo, nisikubali nyingine. Alifariki Ijumaa, tarehe 8 Agosti 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya Kilifi, Janet akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, miezi miwili na siku ishirini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Kibarani waliopika na kufua tukiwa hospitalini, wachezaji aliowafundisha, walimu wanaofundisha pamoja na Janet, mwalimu Nahashon aliyembakiza nyuma, Bwana Taib aliyesimama pembeni mwake, na ninyi nyote mliokuja. Kibali cha mazishi kimechukuliwa na Menza wa Lewa kwa kitambulisho chake, na ndiye atakayeshika upande wa mbele wa jeneza. Msalaba nimeusoma mara tatu, jina ni lake na tarehe ni yake.

Menza wa Tsuma, ndugu yangu, tarehe yako imesomwa na watu wameisikia. Pumzika kwa amani.