Historia ya Mama Jumatatu, Aliyesingiziwa Kifo cha Mtu Hai

Wafiwa wenzetu, majirani, wanahabari wa sasa na wa zamani, na wewe Mhariri Mkuu, ambaye kiti chako cha safu ya mbele tulikiweka makusudi, familia inawashukuru kwa kufika na inawaomba utulivu, kwa kuwa historia hii marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa alizoziona ni za bure, kisha akamwagiza mdogo wake anayewasomea hapa asithubutu kupunguza hata sentensi moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu na binti pekee wa karani wa posta na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, ambako baba alipenda kusomewa gazeti kila jioni, na binti huyo, hata kabla hajafikisha miaka kumi, alikuwa akisoma huku anakosoa, mpaka baba akasema nyumba imepata polisi. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1982 akahitimu stashahada ya uandishi wa habari, kwa alama ambazo alikataa zitajwe hapa, akisema yule aliyesoma naye darasa moja na kumwangalizia mtihani anajijua, na leo amevaa tai.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa na gazeti la mji huu kuwa mwandishi wa mahakamani, na mwaka 1988 akakabidhiwa dawati la habari za mji kwa siku za Jumamosi na Jumapili, zamu ambayo wakubwa waliikimbia kama ukoma, akaishika kwa miaka ishirini, katika chumba chenye feni moja iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, yeye, msanifu wa kurasa, mwandishi wa michezo, na simu ya mezani aliyoizoeza kuongea kwa spika ili mikono yake isitoke kwenye kazi.

Fundi umeme aliyeitwa kutengeneza feni hiyo alishindwa, akarudi mara nyingine akashindwa tena, ikaonekana kwamba hakuwa anaifuata feni, na tarehe 6 Agosti 1990 wakafunga ndoa, siku ya Jumatatu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya bibi harusi. Walijaliwa binti mwaka 1992 na mtoto wa kiume mwaka 1995, ambao sherehe zao zote zilihamishiwa Jumatatu, na Jumamosi wakala chakula cha baba kilichoungua bila kununa, wakampa mama yao jina hili ambalo mji mzima umelizoea.

Sasa tumefika pale ambapo wengine wenu mmeshaanza kuinamisha vichwa. Dawati lile lina desturi ya kuandika taazia za watu mashuhuri wangali hai na kuziweka akiba, ili kifo kisiwakute mikono mitupu, na marehemu alikuwa na sharti lake moja, kwamba mtu hafi gazetini mpaka mtu wa nyumbani kwake aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa. Mchana wa Jumamosi tarehe 17 Mei 2008 Mhariri Mkuu alipiga simu kutoka kwenye karamu ya harusi, ameambiwa mezani kwamba kocha mstaafu wa timu ya mji amefariki, akataka taazia yake ya akiba itoke ukurasa wa kwanza, na marehemu alipomwomba subira ampate mke wa kocha, Mhariri Mkuu alifoka kwamba mama wewe unatuchelewesha, kesho wenzetu watatucheka, kisha akamwamuru msanifu wa kurasa aiweke bila yeye, na spika ikayatoa yote hayo mbele ya watu watatu.

Aliyefariki alikuwa kaka yake kocha. Kocha mwenyewe, akiwa kwenye pilikapilika za msiba, alikuta sura yake kwenye meza ya muuza magazeti, na kabla hajapata simu ya kumpigia binti yake aliyekuwa mbali, binti alikuwa ameshazimia. Jumatatu, siku yake ya mapumziko, marehemu aliitwa kikaoni, ambako Mhariri Mkuu alisema simu yake ilikuwa imezimwa, msanifu akasema hakumbuki, mwandishi wa michezo akatazama viatu vyake, na kesho yake gazeti likaomba radhi kwa uzembe wa mhariri wa zamu. Alihamishiwa matangazo madogo, vyumba vya kupanga na vyeti vilivyopotea, katika kona iliyokuwa stoo, mpaka tarehe 31 Machi 2016, na kila alipoomba jina lake lisafishwe kwenye kurasa zilezile zilizolichafua, Mhariri Mkuu alimjibu kwamba nafasi haitoshi.

Aliugua figo kuanzia Juni 2017, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na akafariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, alasiri, saa ambazo gazeti la Jumapili hufungwa. Msanifu wa kurasa alikuja wodini akalia, akasamehewa kwa sharti kwamba akisomwa hapa atasimama. Simama baba, watu wakuone, ahsante, keti.

Gazeti la jana limechapisha taazia iliyoandikwa na Mhariri Mkuu, na kwa kuwa marehemu alifundisha kwamba kosa husahihishwa mbele ya walewale waliolisoma, familia inasahihisha. Imeandikwa kwamba alistaafu kwa hiari, ukweli ni kwamba alistaafishwa. Imeandikwa kwamba Mhariri Mkuu alimtembelea mara kwa mara hospitalini, ukweli ni kwamba hakuonekana hata getini. Imeandikwa kwamba walikuwa kama ndugu, na hilo, ndugu zake tukiwa tumesimama hapa, tunalikana kwa sauti moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake wa matangazo madogo waliomheshimu mpaka mwisho. Neno la familia litatolewa na kocha, ambaye, kama mnavyomwona, anapumua vizuri. Salamu za ofisi, ambazo Mhariri Mkuu ameziandaa na amezishika mkononi, zilikuwa kwenye ratiba, lakini hazitasomwa, nafasi haitoshi.

Pumzika kwa amani, Mama Jumatatu, Jumamosi zote sasa ni zako.