Mwalimu Pantaleo na Vichupa Vilivyoanikwa

Padri, ndugu wafiwa, walimu wenzake, wanafunzi, majirani wa Lipangalala, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mpwa wa marehemu. Niliambiwa niandike wasifu wa kupendeza. Huu haupendezi, ila ni wa kweli, na mama yake ndiye aliyetaka usomwe hivi.

Pantaleo Adolf Matimbwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1961 Mahenge, mtoto wa tatu wa marehemu Adolf Matimbwa na Bi Levina. Familia ilihamia Ifakara akiwa mdogo, kufuata mashamba ya mpunga.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1969 hadi 1975, kisha sekondari, na mwaka 1987 alimaliza shahada ya kemia Dar es Salaam. Mwaka 1989 alikwenda Ujerumani kusomea udaktari wa kemia hiyohiyo. Huko alishughulika na vitu vinavyoitwa kabonili. Sisi hatukuwahi hata kumuuliza ni nini. Mkewe alimuuliza, akajibiwa hivi: "Ni madini, mfano manganisi, yaliyoshikana na ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu wakilala na jiko ndani. Mwanga ukiyapiga, gesi inaachia, nafasi inabaki wazi. Ni kama kigoda kwenye kilabu cha pombe ya komoni. Mmoja akiinuka, mwingine kakaa. Huyo aliyekaa ndiye tunayemfanyia kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kulitumia jua kugeuza moshi wa viwandani uwe malighafi ya mafuta. Alitengeneza kabonili zake mwenyewe, rangi ya chungwa, akazifungia kwenye vichupa vya kioo na kuvizungushia kitambaa cheusi, maana zikipata mwanga kabla ya wakati zinaharibika.

Aprili 1993 alirudi nazo. Zilitakiwa zipimwe Dar es Salaam ndipo amalize masomo. Akapitia nyumbani kwanza kumwona mama. Mto Lumemo ulikuwa umefurika na kila nyumba inanuka unyevu. Jua lilipochomoza, Lipangalala nzima ikaanika: magodoro, mpunga, hata madaftari. Pantaleo alikuwa ameenda Mlabani kusalimia watu. Mama yake akaona kile kitambaa kimelowa, akakifungua, akavipanga vichupa kwenye mkeka pembeni ya mpunga.

Jioni Pantaleo alikuta tope la kahawia ndani ya vichupa.

"Nimekuanikia dawa zako, baba," mama akamwambia. "Zilishaanza kushika ukungu."

"Ahsante mama," akasema, akamsaidia kukunja mkeka.

Chuoni alieleza kwamba alizitunza vibaya yeye mwenyewe. Hapa nchini hakupata vifaa vya kutengeneza nyingine, na nafasi yake Ujerumani ilifungwa. Udaktari ukaishia hapo. Kuanzia Januari 1994 alifundisha kemia sekondari, Ifakara, mpaka alipougua.

Na sisi? Tusidanganyane. Tulimwita Daktari Nusu. Jina lilianzia kwenye familia, likafika Kibaoni, likaingia mpaka darasani. Babu Eustaki, baba yake mdogo, akimwona tu: "Huyo anakuja. Kapanda ndege na akili, karudi na vichupa." Tunacheka. Na yeye anacheka, anasema, "Shikamoo baba."

Tarehe 14 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Nyamizi Kija, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Siku ya posa Mzee Kija alimuuliza amesomea kazi gani.

"Kazi ya mwanga wa jua, baba."

"Hiyo hata ng'ombe wangu wanaifanya. Wanashinda humo." Akacheka, akakubali.

Februari mwaka huu, 1998, mvua zile kubwa zikiwa bado zinanyesha, aliugua malaria iliyofika mpaka kwenye figo. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Mei, asubuhi, mkewe akiwa pembeni.

Jana hapa msibani Babu Eustaki akasema, "Daktari Nusu katuachia kazi nusu." Watu wakacheka. Nyamizi alikuwa ameapishwa na mumewe asiseme. Alichoka.

"Baba, hakufeli," akasema. "Vichupa vilianikwa. Jua ndilo lililoharibu."

Bi Levina akainua kichwa. "Vile nilivyoanika mimi?"

Nyamizi akatazama chini.

Baadaye Babu Eustaki akanivuta pembeni. "Mjukuu, hilo usiliandike. Wasifu siyo kesi. Watu watatuonaje?"

Bi Levina alisikia. "Andika," akasema. "Mwanangu kabeba jina baya ili mimi nisibebe langu. Mkificha, mnamzika nalo."

Basi nimeandika. Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Rosemery na Jeremia, ndugu zake na wanafunzi wake. Watoto hawa wakipita Kibaoni, mtu asiwaite wa Daktari Nusu. Bi Levina anaomba asiambiwe "hukujua." Anasema hilo analijua. Ila sisi tuliocheka miaka yote hatuna hata mkeka wa kusingizia. Tunaona aibu mbele ya jeneza lake.

Mwalimu Pantaleo, amani tuliyokunyima ukiwa hai, Mungu akupe.