Timu ya Mzee Sadalla

Benchi letu la Makorora lina miguu minne, mizima mitatu. Mimi hukalia upande wa mguu mbovu; nimezunguka Durban, Bombei na Jeddah nikipika melini, na hicho ndicho cheo nilichorudi nacho, pamoja na jina la Pasipoti. Kahawa hutumiminia Mzee Sadalla, ambaye juzijuzi alilazwa kwa damu kuganda mguuni. Alasiri moja aliinua birika, mkono wa kanzu ukapanda. Mkononi palikuwa na alama tano nyeusi, kama vidole vya mtu aliyemkamata.

— Nani kakushika, mzee? — aliuliza Radi, fundi umeme.

— Hakuna. Nimeamka nazo. Wala haziumi.

— Isiyouma ndiyo mbaya — akasema Ernesti, tunayemwita Mkonge kwa miaka yake ya umanamba, kibarua wa mashamba ya katani. — Kwetu kambini alikuwepo mmoja hivyo. Manamba waliokufa humpapasa, wanatafuta wa kuwapokea zamu.

— Manamba gani! — Radi akamkatiza. — Hilo jini la mapango ya Amboni. Damu nzito kuliko maji, ndo maana hospitali wakampa dawa ya kuifanya nyepesi. Sasa jini linakunywa bila kutafuna.

— Mimi nasema ni kivuli chake — nikatia langu. — Nimeshaona mtu akipigwa na kivuli chake mwenyewe.

— Wapi?

— Melini.

— Pasipoti, melini ulikuwa unamenya viazi!

Mzee Sadalla akacheka. Meno yalikuwa mekundu, na wala tambuu hatafuni. Tone jekundu likaangukia kikombe changu, likazama kwenye kahawa bila kuacha alama.

Ndipo akatokea Asmahani, bintiye, katoka safari ya Mwera, mkoba bado begani.

— Shikamooni. Baba! Nini hiki?

— Jini, dada — Radi akamjibu kwa upole.

— Nani humpa dawa yake ya damu?

— Mimi — akasema Radi. — Nesi Devota alituambia siku ya kumtoa hospitali: dawa hii ni kazi ya timu. Mzee msahaulifu, tumeiweka humu kwenye kopo la kashata. Nikipita asubuhi, nampa.

— Asubuhi? — Mkonge akainuka. — Mbona mimi humpa adhuhuri?

Wakanigeukia.

— Kidole kimoja hakivunji chawa — nikasema, nikakunja kiganja.

— Ni kidonge kimoja kwa siku! Kimoja! Baba, nawe ukawa unameza tu?

— Mwanangu, mtu kakuletea dawa kwa mapenzi, utamrudishia?

Asmahani akatutazama mmoja mmoja.

— Haya. Hospitali wataniuliza. Tangu atoke, kameza vingapi?

Tukaanza kuhesabu kwa vidole, kila mtu vyake. Timu nzima.

Radi akakimbilia bajaji. Tulimpakia mzee, Asmahani akapakata kopo la kashata, wakaondoka. Birika likabaki linachemka, hapana wa kumimina. Nikafumbua kiganja. Kidonge changu cha alasiri kilikuwa bado humo, kimelowa jasho, kimenipaka wekundu.